Kiberiti: Neno, Mtungi na Kisanduku

Mwanafunzi wa Jinja au Mbale anayesoma katika Biblia ya Kiswahili kwamba Sodoma ilinyeshewa kiberiti anaweza kushangaa: je, visanduku vya njiti vilianguka kutoka mbinguni? Makala haya mafupi yanakusudia kumsaidia mwalimu kumjibu.

Neno kiberiti limetokana na Kiarabu kibrit, yaani salfa, madini ya manjano yanayowaka. Hiyo ndiyo maana iliyomo katika kisa cha Sodoma. Njiti za kusugua zilianza kuuzwa na John Walker huko Uingereza mwaka 1827. Kwa kuwa njiti nyingi za zamani zilipakwa salfa, jina la madini likahamia kwenye njiti.

Baadaye zikaja njiti za fosforasi nyeupe, zilizowaka popote zilipokwaruzwa. Ndipo wafinyanzi wa Ulaya walipotengeneza mitungi midogo ya kuwekea njiti, yenye mikwaruzo ubavuni ya kuwashia. Lakini fosforasi hiyo iliozesha mataya ya wafanyakazi viwandani, na mkataba wa Berne wa mwaka 1906 ukaipiga marufuku. Tayari mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch wa Sweden alikuwa amebuni njia salama: fosforasi nyekundu ipakwe ubavuni mwa kisanduku. Njiti ya namna hiyo haiwaki kwenye udongo, hivyo mtungi ukapoteza kazi yake.

Kwetu, chombo cha udongo kilichohusiana na moto kilikuwa kigae cha kuchukulia makaa kwa jirani. Kiberiti kilipoenea kilikuja na kisanduku chake, na Jinja yenyewe ikapata kiwanda cha viberiti. Hivyo neno moja likabeba salfa, njiti, kisanduku, na hata kitendo: aliyechoma nyumba huambiwa ameitia kiberiti.

Aidha, tuzingatie sarufi. Silabi ki- ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini Kiswahili kiliichukulia kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata viberiti, kama vile kitabu na vitabu. Luganda nacho kina ekibiriti na ebibiriti. Mwanafunzi anayezungumza Luganda basi ana ufunguo wa ngeli hii tayari.

Walimu wenzangu, tusiishie kufundisha wingi wa neno. Tufundishe pia safari yake, ili msomaji wetu asipotee kati ya salfa na kisanduku.