Ukuta wa fito na udongo, ujenzi nafuu wa Garsen

Katika vijiji vingi vya Garsen, Kaunti ya Tana River, ukuta wa gharama nafuu hujengwa kwa fito na udongo. Nguzo hufukiwa kwanza, kisha fito hufungwa kwa ulalo ndani na nje, na nafasi iliyo kati hujazwa udongo uliokandwa kwa miguu. Udongo mweusi wa delta hupasuka ukikauka, hivyo huchanganywa na mchanga. Nyufa zinazosalia huzibwa wakati wa kusiriba.

Fedha kidogo zilizopo zafaa kutumiwa kwenye nguzo. Mto Tana ulipofurika mwaka 1997, 2018 na 2024, maelfu ya watu walihama makwao. Maji huyeyusha udongo, lakini kiunzi imara huweza kubaki kimesimama, na mwenyewe akirudi hukandika upya.

Adui mwingine ni mchwa, na dhidi yake mafundi hupaka oili chafu ya magari sehemu inayofukiwa. Mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 na ambao wafugaji wangali wanaulaumu, hutoa nguzo ngumu, ingawa nyingi zimepinda na ukuta wake haukosi tumbo.