Kitabu, Darubini na Mawe: Mafundisho ya Mvumi

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaosoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuzungumza juu ya jambo liwasumbualo vijana wengi. Mwanafunzi husikia kanisani kwamba Mungu aliziumba mbingu na nchi kwa siku sita. Kesho yake darasani husikia kwamba mifupa iliyochimbuliwa katika nchi yetu ina umri wa zaidi ya miaka milioni. Hurudi nyumbani na mashaka moyoni. Je, akiache Kitabu, ama amhesabu mwalimu wake kuwa mwongo? Sisi twaona kwamba halazimiki kufanya moja wala jingine, na ushahidi wetu wa kwanza twautoa Mvumi, katika nchi ya Ugogo.

Mvumi iko kusini-mashariki ya Dodoma, mwendo wa kilometa 40 hivi. Wamisionari wa chama cha CMS walifungua kituo huko mwaka 1900. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, na askofu wake wa kwanza akawa George Chambers, mtu wa Australia. Katika Waaustralia waliofuata kuja kufanya kazi alikuwamo daktari Paul White, aliyefika nchini mwaka 1938 akatibu wagonjwa Mvumi, hata akarudi kwao mwaka 1941.

Katika nchi hiyo yupo adui mdogo aitwaye papasi. Hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo za tembe, na usiku hutoka akamwuma mtu aliyelala. Baadaye homa kali humshika mtu yule, humwacha siku kadha, kisha humrudia tena. Homa iendayo na kurudi ni rahisi kudhaniwa kuwa kazi ya mchawi. Lakini mwaka 1905 tabibu Joseph Dutton, pamoja na mwenziwe John Todd, walionyesha huko Kongo kwamba papasi ndiye aichukuaye homa hiyo. Dutton mwenyewe aliambukizwa, akafa mwaka uo huo, naye alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Kijidudu cha ugonjwa huo kikapewa jina lake.

Sasa tuangalie neno hili. Biblia haimtaji papasi wala kijidudu chake. Hata hivyo Wakristo wa hospitali hawakusema, “Jambo lisiloandikwa si kweli.” Kitabu kiliwaagiza wamhurumie mgonjwa, darubini ikawaonyesha kilichomo katika damu yake. Waliomba kisha wakatazama, na hawakuona kwamba kutazama kunaitangua sala. Basi Mvumi ilikuwa imekwisha kutoa jibu kwa vitendo, kabla vijana wetu hawajaanza kubishana kwa maneno.

Lakini yupo atakayesema, “Papasi ni jambo dogo. Mambo ya asili ya mwanadamu je?” Ni swali la haki, na chama kile kile cha CMS kimehusika nalo. Mmisionari wake mmoja, Harry Leakey, alikaa Kabete katika nchi ya Kenya, na huko mwaka 1903 akazaliwa mwanawe, Louis. Kijana huyo alikusudia kuwa mmisionari kama baba yake, lakini akavutwa na elimu ya mambo ya kale. Tarehe 17 Julai 1959, mkewe Mary aliona fuvu la kiumbe wa kale katika bonde la Olduvai, kaskazini ya nchi yetu. Umri wa fuvu hilo wapata miaka 1,750,000. Na huko Laetoli, mwaka 1978, zikafunuliwa nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yapata miaka 3,600,000 iliyopita.

Je, hesabu hizo ni za kubahatisha? Sivyo. Katika majivu ya volkano mna potasi, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni, kwa kadiri ijulikanayo. Mtaalamu akipima hewa iliyokusanyika, hujua majivu yalimwagika lini, kama vile mtu ajuavyo kwa kutazama maji yaliyo mtungini kwamba yamedondoka muda gani.

Hofu nyingi yatokana na hesabu nyingine. Mwaka 1650 askofu mkuu James Ussher wa Ireland alijumlisha miaka ya mababu waliotajwa katika Biblia, akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hesabu yake ikaja kupigwa chapa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na wengi wakaiheshimu kana kwamba ni Neno lenyewe. Kumbe ilikuwa kazi ya mwanadamu.

Wazee wa Kanisa hawakusoma hivyo wote. Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, aliandika kwamba siku zile za uumbaji si kama siku zetu. Maana jua lenyewe latajwa siku ya nne. Aliwaonya Wakristo wasinene kwa ujinga juu ya nyota na viumbe na kusingizia Maandiko, wasije wakaifanya imani kuwa kichekesho. Naye hakusukumwa na elimu ya mawe, kwa kuwa aliamini kwamba dunia haijatimiza miaka 6,000. Alisukumwa na kusoma kwa uangalifu.

Je, kila neno la Biblia ni fumbo? Hasha! Hadithi ya sungura na fisi, barua ya baba na hati ya shamba hazisomwi kwa namna moja, na hata mtoto ajua. Zaburi isemapo kwamba vilima hushangilia, hakuna Mgogo aliyekwenda kuvisikiliza. Lakini habari ya kufufuka kwa Kristo, mitume waliitoa kama mashahidi wa jambo lililotukia, na Kanisa limeipokea hivyo. Msomaji mwema huuliza kwanza: mwandishi huyu alikusudia kutuambia nini?

Wako Wakristo wema wasiokubaliana nasi, washikao siku sita kama zilivyoandikwa, tusiwadharau. Wala wataalamu nao wasijivune, maana darubini yaweza kukuonyesha kijidudu, lakini haiwezi kukuambia kwa nini uamke usiku wa manane ukamhudumie mgonjwa usiyemjua. Mvumi walihitaji vyote viwili. Mwanafunzi naye na ashike Kitabu chake, na alipime jiwe lake pasipo hofu. Kwa maana, kama Mungu ndiye aliyeliumba jiwe, halitatoa ushahidi wa uongo juu yake.