Kipindupindu na mafuta ya utumbo

Leo kipindi cha baiolojia kimenirudisha nyumbani Pemba. Mwalimu kachora utando wa seli, akasema lipidi zake si ukuta tu, nyingine ni milango ya ishara. Mfano wake ukawa kipindupindu. Nikakaa sawa, maana bibi yangu ameshazika jirani kwa maradhi hayo.

Daktari James Christie aliyaona Unguja mwaka 1869 na 1870, akayaandikia kitabu 1876. Yanavyoua, hakuna aliyejua. Mwaka 1959, kule Calcutta, S. N. De akaonesha kuwa bakteria wake hutoa sumu. Kufikia 1973 ikajulikana sumu inanata wapi: kwenye lipidi yenye sukari, GM1, juu ya seli za utumbo. Sehemu moja ya sumu inanata, nyingine inaingia ndani na kuwasha ishara ya cAMP isizimike. Chumvi inamwagika utumboni, maji yanaifuata. Ndo maana mtu anakauka kwa saa chache.

Sasa sikieni: mwaka 2009 watu wa Pemba na Unguja walipewa chanjo ya kunywa, Dukoral. Mna bakteria waliouawa pamoja na ile sehemu ya kunata, bila ile ya kudhuru. Mwili unajifunza kuizuia isiifikie GM1. Watafiti walikuta kinga ya asilimia 79 kwa waliokunywa dozi mbili.

Bibi akisikia mafuta anajua ya nazi tu. Likizo ntamweleza. Ila maji tuchemshe bado, jamani!