Picha Zilihukumiwa Barazani Kivinje

Pwani ya Kilwa na Lindi imeandikwa sana kwa magofu yake. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaisifu, na hadi leo mgeni akija huulizia msikiti na makaburi. Mimi nataka kuandika habari za watu ambao hakuna anayewaulizia: watazamaji wa picha wa Kilwa Kivinje, mji nilikokulia. Walizitazama sinema, wakazisimulia na kuzitolea hukumu kwa umakini mkubwa. Huo ulikuwa uhakiki hasa, na nafasi yake imo katika historia ya mji.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar waliipata miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwetu kilichotangulia ni mkanda wa video. Deki, runinga moja, mabenchi, makuti juu na jenereta uani: hicho ndicho kibanda umiza. Mikanda ilikuja na mabasi, na mabasi yalitegemea pantoni ya Mto Rufiji, kwani Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya hapo, masika yakishika, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiligeuka tope na magari yakalala njiani. Basi picha moja ilirudiwa wiki nzima, na watu walewale wakaingia tena.

Uhaba huo ndio uliotunoa. Mwisho wa picha ukishaujua, unabaki kupima mambo mengine: kwa nini fulani alifanya vile, nani aliigiza kwa moyo, wapi mtengenezaji alitudanganya. Na kwa kuwa si wote waliokuwa na shilingi 100 ya kiingilio, wengi waliipata picha kwa masikio. Kijana mmoja mshona nyavu alikuwa fundi wa kusimulia. Alikaa barazani baada ya alasiri, wavu mapajani, mikono ikishona na mdomo ukitoa milio ya farasi na bunduki. Ila hakuachiwa aseme apendavyo. Akiruka kipande, waliolipa walimkatiza: "Kaka, hapo umepitiliza. Alitazama kwanza mlangoni, ndipo akachukua bastola." Alirudi nyuma na kusahihisha, kisha akaendelea.

Kesi iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975 yenye urefu wa zaidi ya saa 3. Jai, yaani Amitabh Bachchan, na Veeru, yaani Dharmendra, hukata shauri kwa kurusha sarafu. Majambazi wanapowabana, Jai anashinda kura, anabaki kupigana peke yake na kufa. Baadaye Veeru anagundua kwamba sarafu ile ilikuwa sawa pande zote mbili. Sheria ya kibanda ilikuwa inajulikana: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Sasa kama Jai amekufa, stelingi ni nani? Vijana waligawanyika. Wapo waliodai Jai alimdhulumu rafiki yake haki ya kuchagua. Wapo waliosema alichofanya ni kulipa deni la urafiki. Bibi mmoja muuza mihogo, ambaye kibandani hakuwahi kuingia, aliwasikiliza mpaka mwisho akasema: "Wajukuu zangu, hakumdanganya mwenzie. Alimficha kifo." Kwa siku nyingi watu walijadiliana wakianzia kwenye kauli hiyo.

Baadaye zikaja picha zilizotiwa Kiswahili, na maarufu kati ya watafsiri alikuwa Derek Mukandala, aitwaye Lufufu. Sauti yake ilieleza, ilitania na kuongeza ya kwake. Barazani naye alipimwa: wengine walimpenda kuliko waigizaji wenyewe, wengine walisema anaziba muziki. Filamu za kwetu zilipoanza kutamba, Shumileta ya Mussa Banzi ilipata wahakiki wakali, maana habari za majini Kilwa hazihitaji mkalimani. Waliojua mambo ya uganga walikosoa sura na mwendo wa jini wa kwenye picha. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, waliolia Kivinje walikuwa watu waliokuwa wamebishana miaka mingi juu ya kila picha yake.

Kuna jambo linaloniuma. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu wa wakoloni wenye makao yake Vugiri, Tanga, ulizungusha sinema Afrika Mashariki kwa gari, na waliouongoza wakachapisha kitabu kilichoeleza Waafrika walivyozipokea. Maoni ya watazamaji yalionekana yanafaa kuandikwa pale tu alipotaka kuyajua mtawala. Sisi wenyewe, tulipokuwa na mengi zaidi ya kusema, hatukuandika.

Leo kila mtu ana simu yake na picha yake, na ubishi umepungua kwa sababu watu hawatazami kitu kimoja kwa pamoja. Lakini wengi waliosimulia na kuhukumu miaka ile wapo hai, Kivinje, Masoko, Mchinga na Lindi mjini. Walimu wa Kiswahili wa shule zetu za sekondari wana wanafunzi, madaftari na simu za kurekodia. Wawatume watoto kwa wajomba na shangazi zao wakaulize: picha gani mliibishania, na nani alikuwa na haki? Majibu hayo ni fasihi simulizi ya pwani yetu, sawa na ngano na utenzi, na tuyaandike sisi wenyewe, wenye nayo bado wakiwa nasi.