Jumapili ya Fundi Ilitoka Wapi?

Mjadala mtaani ni ule ule: fundi aliyejiajiri, wa kuchomelea, wa mbao, wa mjengo, afungue kazi Jumapili ama afunge? Kila mtu ana maoni, lakini ni wachache wanaouliza hii Jumapili yenyewe ilifikaje Kisii na Nyamira. Wacha tuanzie hapo, halafu nitawaambia kwa nini hii stori inaniuma.

Zamani Abagusii hawakuwa na Jumapili. Walikuwa na risaga: majirani wanakuja shambani kwako, mnalima pamoja, jioni mnakaa na pombe ya wimbi. Kesho kutwa ni zamu ya mwingine. Watu walipumzika, lakini mapumziko yalifuata kazi, mvua na matanga. Mhunzi hakuzima moto wake eti kwa sababu kalenda imesema.

Hata jina tumeazima. Wiki ya Kiswahili inahesabiwa kutoka Ijumaa, kwa sababu ilipangwa na Waislamu wa Pwani. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili. Kwa hivyo siku tunayopigania hivi, kwa jina lake ni siku ya pili tu baada ya Ijumaa.

Waingereza waliingia Gusii kwa bunduki, 1905 na tena 1908, ule mwaka Otenyo alimchoma mkuki afisa wao, Northcote. Baada ya bunduki zikaja ofisi, kodi, na wiki ya kizungu. Halafu wakaja wamishonari, na hapo ndipo mambo yalinoga. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka wa 1911. Waadventista, ambao walikuwa wameanza Gendia kando ya ziwa mwaka wa 1906, nao wakapanda mpaka Nyanchwa muda mfupi baadaye. Hizi ni sehemu mbili karibu na mji mmoja, na kila moja ina siku yake. Nyabururu wanakwambia pumzika Jumapili. Nyanchwa wanakwambia pumzika Jumamosi.

Septemba 1914, Wajerumani walipoingia mji wa Kisii na Waingereza wakatoroka, watu walivunja maduka na misheni pia. Hiyo inakuonyesha kwamba hao wageni na kalenda zao walikuwa bado hawajakubalika. Miaka zaidi ya mia baadaye, wajukuu wa watu hao hao wanatazamana vibaya kwa sababu mmoja amewasha grainda Jumapili na mwingine amekataa simu ya kazi Jumamosi. Maajabu.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka wa 321, Konstantino, mfalme wa Roma, alitoa amri kwamba mahakimu, watu wa mjini na mafundi wote wapumzike siku ya Jua. Mkulima wa mashambani aliruhusiwa kuendelea, kwa sababu msimu haungoji mtu. Soma hiyo tena. Kwenye sheria maarufu ya kwanza ya Jumapili, fundi ametajwa! Sasa linganisha na Kenya ya leo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu hicho hakisemi lazima iwe Jumapili. Lakini kinamlinda aliyeajiriwa. Fundi aliyejiajiri ndiye bosi na ndiye mfanyakazi, kwa hivyo hana wa kumshtaki akijinyima mapumziko.

Hapo ndipo anko wangu anaingia.

Anko ni fundi wa kuchomelea pale Keroka, mji uliokaa mpakani, nusu Kisii, nusu Nyamira. Ni Mwadventista. Miaka yote Jumamosi kibanda kilikuwa kimefungwa, na Jumapili asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua. Halafu nikaingia chuo. Karo ikapanda, bei ya vyuma ikapanda, na wateja wakazoea kusema "fundi, nataka geti kesho." Akaanza kupokea kazi za Jumamosi jioni, jua likishazama. Kisha Jumamosi mchana, "mara moja tu." Mwishowe hakuna siku iliyobaki.

Jumapili moja grainda ilimponyoka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Jirani mmoja alisema ni adhabu ya kufanya kazi Jumapili. Mwingine, wa kanisa lake, akasema ni adhabu ya Jumamosi. Mimi nilikaa naye hospitalini nikahesabu naye. Ilikuwa siku ya kumi na tisa mfululizo bila kupumzika. Usiku wa kuamkia hiyo siku alikuwa amelala saa tatu. Aliniambia, "Kijana wangu, macho yalijifunga yenyewe." Na ile kazi ilikuwa ya kulipa karo yangu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Fundi akifungua Jumapili sina shida naye, na historia yetu haimpi mtu yeyote haki ya kumhukumu. Ukiwa Nyabururu, pumzika Jumapili. Ukiwa Nyanchwa, pumzika Jumamosi. Kama huendi popote, chagua Jumanne. Lakini chagua, uandike mlangoni, na uikatae simu siku hiyo hata kama kuna chapaa upande wa pili. Najua utaniambia kodi ya nyumba haipumziki. Ni kweli. Lakini anko alikaa miezi minne bila kushika kazi, na hizo Jumamosi zote alizouza hazikufika hata nusu ya hasara hiyo.

Na sisi wateja tusijitoe. Tunampigia fundi siku yake ya mapumziko, tunamwambia akikataa tutaenda kwa mwingine, halafu akiumia tunachanga mia mbili mbili kwenye grupu la WhatsApp.

Siku hizi anko amerudi kazini. Jumamosi kibanda kimefungwa, na ukipiga simu, shangazi ndiye anashika. Jaribu kubishana naye.

Wewe fundi wako anapumzika siku gani? Ushawahi kumuuliza?