Maji ya Mweru na Afisa wa Manowari

Ziwa la Mweru, ambalo ufuo wake wa mashariki una miji ya Nchelenge na Kashikishi, hupokea maji ya Mto Luapula upande wa kusini na kuyatoa upande wa kaskazini, karibu na Pweto, kwa mto uitwao Luvua. Na Luvua huteremka hata kuungana na Lualaba penye mji wa Ankoro, na Lualaba, baada ya kupita Kasongo na Nyangwe na Kisangani, ndio Mto Kongo wenyewe, umwagikao katika Bahari ya Atlantiki. Leo jambo hili limo katika kila ramani ya shule. Lakini takriban miaka mia na hamsini iliyopita lilikuwa ni mushkili uliowashughulisha mabingwa wa elimu ya dunia huko London; na mtu aliyeukaribia utatuzi wake kuliko wote waliomtangulia hakuwa padri wala mfanyabiashara, bali alikuwa afisa wa manowari za Kiingereza, Verney Lovett Cameron, ambaye hakupata hata siku moja kuliona ziwa lenyewe kwa macho yake.

Aliyeliona ni David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Mwaka 1867, akiwa mgonjwa na mpungufu wa mali, alikutana na Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa Unguja, ndiye Tippu Tip, katika nchi ya Itabwa iliyo baina ya Mweru na Tanganyika, muda si mrefu baada ya Tippu Tip kumshinda Nsama, chifu wa nchi hiyo, vitani. Akangoja hata suluhu ipatikane, ndipo akafuatana na wafanyabiashara wa pwani kuelekea magharibi, na tarehe 8 Novemba mwaka ule akafika Mweru. Kutoka hapo alikwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, akamkuta mzee Muhammad bin Saleh, mtu wa pwani aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi bila ya kupewa ruhusa ya kuondoka. Livingstone alifahamu vema, kwa alivyoambiwa na wenyeji na kwa alivyoona mwenyewe, ya kuwa maji ya Mweru hutoka kaskazini na kwenda zake. Ila alishikilia katika moyo wake kwamba mto ule ni Nili, na kwa imani hiyo akatembea na kuteseka mpaka mauti yakamkuta katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, mwaka 1873.

Sasa natuje kwa Cameron. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1844 katika wilaya ya Dorset, Uingereza, mwana wa kasisi, akaingia katika manowari mwaka 1857, yaani angali mtoto wa miaka kumi na mitatu, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Alikuwamo katika vita vya Uhabeshi vya mwaka 1868, kisha akahudumu katika merikebu zilizokuwa zikizunguka pwani yetu kuyakamata majahazi ya watumwa. Na huko ndiko alikopata kuijua biashara ile mbaya kwa kuishuhudia katika matumbo ya vyombo, akaingiwa na hamu ya kwenda bara kuitazama ilikoanzia. Mtu aliyelelewa baharini hufunzwa mambo mawili tangu utoto: kujua mahali alipo kwa kupima jua na nyota, na kutoamini maji mpaka ayatie bildi. Mafunzo hayo, kwa rai yangu, yalifaa zaidi barani kuliko ushujaa wote uliosifiwa baadaye.

Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimchagua aongoze msafara wa kumpelekea Livingstone msaada, naye akaondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1873 pamoja na Daktari Dillon, Luteni Murphy, na kijana Robert Moffat, ambaye hakwenda mbali kabla ya kufa kwa homa. Mkuu wa watu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao wa asili, aliyechukuliwa utumwani mpaka Bara Hindi, akarejea Unguja mtu huru, na ambaye kabla ya hapo alikwisha kusafiri pamoja na wasafiri wa Kizungu Burton, na Speke, na Grant, na Stanley. Cameron katika kitabu chake hakumsifu sana Bombay, na msomaji wa leo ana haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa akimwongoza mwenziwe, baina ya luteni asiyepata kuiona bara na mzee aliyeivuka mara baada ya mara.

Oktoba 1873 walikuwa Unyanyembe, wamelala kwa homa na macho yamewauma hata wasione sawasawa, pakaja watu wa Livingstone, nao ni Susi na Chuma na Jacob Wainwright na wenzao, wamechukua maiti ya bwana wao iliyokaushwa kwa chumvi na jua, kutoka kusini ya Bangweulu hata pale. Cameron akawashauri wamzike papo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari, wakakataa. Walikuwa wameazimia kumfikisha baharini, na wakamfikisha. Cameron alitwaa baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyokuwa vya marehemu, jambo ambalo wengine wamemlaumu kwalo, akaendelea na safari hali hana tena wa kumwokoa. Murphy na Dillon wakarudi pwani pamoja na maiti, na Dillon, kwa ukali wa homa, akajiua njiani.

Februari 1874 alifika Ujiji, na huko akazipata karatasi za Livingstone akazipeleka kwao zihifadhiwe. Tena akakutana na yule mzee Muhammad bin Saleh, ambaye sasa alikuwa huru tangu atoke kwa Kazembe na anaheshimiwa na wafanyabiashara wote wa Ujiji. Mtu aliyekaa miaka na miaka jirani ya Mweru, akala samaki wake na kusikia habari za mito yake kutoka kwa Walunda na Washila, wavuvi wa ziwa hilo, sasa ameketi uso kwa uso na afisa aliyekuja kuutafuta mwisho wa mito hiyo. Laiti mazungumzo yao yangaliandikwa kwa ukamilifu, tungalikuwa na sura nzima ya taarikhi ya Luapula.

Kisha Cameron akaingia mitumbwini, mahali alipokuwa kwao zaidi, akapima ufuo wa kusini wa Tanganyika, na mwezi wa Mei akaukuta mlango wa Mto Lukuga, akasema maji ya ziwa hutokea hapo kwenda magharibi. Wengi walimtilia shaka, kwa sababu mto ulikuwa umezibwa na matete na matope, hata Stanley alipopita mwaka 1876 akaona hautoki. Lakini miaka michache baadaye maji yalipanda na kuvunja kizuizi, na maneno ya Cameron yakathubutu.

Agosti 1874 akawasili Nyangwe, kando ya Lualaba, na hapo ndipo palipofanywa kazi ambayo mimi naiona kuwa ndiyo kubwa katika maisha yake yote, ijapokuwa haikuwa na risasi wala ngoma. Alichemsha maji akatazama kipimajoto, maana maji huchemka kwa joto pungufu kadiri mahali palivyoinuka. Akapata ya kuwa Nyangwe ipo kiasi cha futi 1,400 juu ya bahari, yaani chini kuliko Gondokoro iliyo kando ya Nili. Akapima upana wa mto, na kina, na mwendo, akahesabu kuwa maji yake ni zaidi ya mara tano ya yale ya Nili hapo Gondokoro. Mto haupandi kilima, wala mkubwa hauwi kijito cha mdogo. Basi Lualaba si Nili, hauna budi kuwa Kongo. Kwa hoja hiyo fupi maji yapitayo mbele ya Nchelenge yaliondolewa Misri yakarudishwa Atlantiki, na dhana iliyomchosha Livingstone hata akafa ikavunjwa kwa sufuria ya maji ya moto.

Alitaka kushuka mtoni athibitishe kwa macho, asipate mitumbwi. Tippu Tip, aliyekuwa akikaa upande wa Lomami, akamkaribisha kwa hisani na kumwonyesha njia ya kusini. Na baadaye, katika nchi ya Waluba, alikaa miezi mingi karibu na Juma bin Salim, aitwaye Juma Merikani, ambaye ukarimu wake Cameron aliusifu bila kusita. Safari ya mwisho ilikuwa ya njaa na kiseyeye. Tarehe 7 Novemba 1875 akafika Katombela, pwani ya Angola, na watu wake wa Unguja akawanunulia jahazi huko Luanda wakarudi makwao kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema.

Ulaya ikampokea kwa taadhima: akapandishwa cheo kuwa kamanda, akapewa nishani ya dhahabu ya Jumuiya mwaka 1876, akaitwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka mashariki hata magharibi. Neno "Mzungu" katika sifa hiyo lisisahauliwe, kwa kuwa Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara weusi kutoka Angola, walikwisha kuivuka bara kutoka magharibi na kufika Tete mwaka 1811, baada ya kuzuiliwa miaka minne kwa Kazembe huyo huyo wa Luapula, kisha wakarudi kwao kwa njia ile ile.

Lakini Cameron hakuridhika kupima tu. Mwisho wa mwaka 1874 alitangaza kuwa bonde la Kongo li chini ya himaya ya Uingereza kwa mikataba aliyofanya na machifu, na serikali yake ikaikataa; na Septemba 1876 alikuwa Brussels katika mkutano ulioitishwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye alijua kuitumia elimu ya wasafiri kuliko wasafiri wenyewe. Hapo ndipo ninapomlaumu. Aliyechukia biashara ya watumwa kwa dhati hakuona ya kuwa ramani aliyokuwa akiwachorea wenye nguvu ingewaletea watu wa Kongo mateso yasiyopungua yale.

Miaka iliyobaki yapita upesi. Alitembea bonde la Furati akitafuta njia ya reli ya kwenda Hindi, akaenda Pwani ya Dhahabu pamoja na Burton mwaka 1882, akastaafu manowarini mwaka 1883, akaandika hadithi za vijana na kujishughulisha na makampuni ya biashara ya Afrika. Machi 1894, akirejea nyumbani kutoka mawindoni, alitupwa na farasi karibu na Leighton Buzzard, akafa, umri wake haujatimia miaka hamsini.

Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, miezi miwili haijatimia tangu azikwe, Uingereza na Leopold walitia sahihi mkataba uliogawanya nchi kwa kuufuata Mto Luapula na kukata kati ya Ziwa Mweru, Kisiwa cha Kilwa kikaachwa upande wa Waingereza na Pweto upande wa Kongo. Hakuna Mshila wala Mlunda aliyeulizwa, ingawa ndugu walikuwa wakivua pale na nyavu zao pande zote mbili. Mpaka huo ndio unaotenganisha Zambia na Kongo hata leo, na mvuvi wa Nchelenge anayefuata samaki wadogo waitwao chisense usiku kwa taa sharti aangalie asiuvuke.