Kimya Kingi: Historia ya Maneno Yanayokwenda Chini ya Bahari

Sisi wapenzi wa vitabu tumezoea kuulizana mwandishi kasema nini. Ni mara chache tunauliza maneno yake yalisafiri kwa njia gani hadi yakamfikia msomaji, na kama msomaji huyo ana namna ya kujibu. Yapo mahali ambapo swali hilo ni la kufa na kupona: ndani ya nyambizi.

Tuanze na maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo huyameza mawimbi ya redio. Redio ya FM hutumia mawimbi yanayotetema karibu mara milioni mia moja kwa sekunde. Izamishe antena yake baharini na sauti itakatika papo hapo. Mawimbi yanayotetema polepole ndiyo yanayozama zaidi. Yale ya mitetemo kati ya 3,000 na 30,000 kwa sekunde hufika mita kumi, ishirini hivi chini ya maji. Lakini kila kitu na bei yake. Wimbi la polepole hubeba maneno machache, na kulirusha kunataka antena kubwa ambayo hakuna chombo cha baharini kinachoweza kuibeba. Kwa hiyo nyambizi iliyozama husikia tu. Ikitaka kujibu, sharti ipande juu, na kupanda juu ni kujianika kwa adui.

Shika hilo, msomaji: inasikia, haijibu. Mengine yote yanatokana na hapo.

Wajerumani walijifunza somo hili kwa machungu. Katika Vita Kuu ya Pili, Admirali Karl Dönitz aliziongoza nyambizi zake za Atlantiki kwa redio, naye alitaka zimjibu: mko wapi, mmeona nini, mafuta yamebaki kiasi gani? Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Meli za Waingereza na Wamarekani zilifungwa vyombo vya kutambua mawimbi yanatokea upande gani, na huko Bletchley Park, Uingereza, watu walikesha wakifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Kati ya watu kama 40,000 waliotumikia katika nyambizi hizo, karibu 30,000 hawakurudi nyumbani. Redio haikuwaua wote, lakini iliwafichua wengi.

Mwaka 1943, karibu na mji mdogo wa Kalbe nchini Ujerumani, mtambo mmoja mkubwa uliwashwa. Waliuita Goliath. Nguvu yake ilikuwa kilowati 1,000, na minara yake mirefu zaidi ilipita mita 200. Nyambizi iliyokuwa mita kadhaa chini ya bahari iliweza kupokea amri bila kuinua kichwa. Vita vilipokwisha, Wasovieti waliung'oa mtambo huo kipande kwa kipande, wakausafirisha hadi kwao, na mwaka 1952 ukawa umesimama upya karibu na mji wa Gorky, ambao leo ni Nizhny Novgorod. Yaani sauti iliyotengenezwa kuziamrisha nyambizi za Hitler ikaanza kuziamrisha nyambizi za wale waliomshinda. Mnara hauulizi bwana wake ni nani.

Lakini vipi ikiwa amri haifiki? Twende tarehe 27 Oktoba 1962, kwenye bahari iliyo jirani na Cuba. Nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imezama, inasakwa na meli za kivita za Marekani. Meli hizo ziliangusha vilipuzi vidogo majini kama ishara ya kuitaka ipande juu. Marekani ilikuwa imetuma Moscow maelezo ya ishara hiyo, lakini waliokuwa ndani ya B-59 hawakuwa nayo. Wao walisikia mishindo tu. Hewa ilikuwa nzito, joto limepita nyuzi 40, na kutoka Moscow hakuna neno. Ndani ya nyambizi hiyo mlikuwa na topido moja yenye kichwa cha nyuklia.

Kwa simulizi ya mmoja wa waliokuwamo, nahodha Valentin Savitsky alidhani pengine vita vimeshaanza huko juu, akaamuru topido hiyo iandaliwe. Ofisa mwenzake, Vasily Arkhipov, alimtuliza. Nyambizi ikapanda juu, na dunia ikaendelea. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu undani wa dakika zile, lakini jambo moja liko wazi: watu waliokosa habari walilazimika kuzitunga wenyewe. Msomaji aliyenyimwa kitabu aliandika sura ya mwisho kichwani mwake, na nusura aitekeleze.

Kufika hapo nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia zilikuwa zinakaa chini miezi miwili au mitatu mfululizo. Wakubwa wakataka sauti inayofika kina kirefu zaidi. Mwaka 1968 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuja na mpango ulioitwa Sanguine: kufukia nyaya ardhini chini ya sehemu kubwa ya jimbo la Wisconsin, ili kurusha mawimbi ya mitetemo 76 tu kwa sekunde. Wimbi moja la aina hiyo lina urefu wa karibu kilomita 4,000, kama umbali wa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Cairo. Kwa nini Wisconsin? Kwa sababu mwamba wa kale ulio chini ya eneo hilo hupitisha umeme kwa shida. Mkondo unalazimika kuzama chini sana, na ardhi yenyewe inageuka kuwa sehemu ya antena.

Wenyeji walikataa. Waliogopa afya zao na za mifugo yao, na waliogopa kwamba kijiji chenye mtambo huo kitakuwa cha kwanza kupigwa. Ubishi ulidumu miaka zaidi ya kumi. Mpango ukapunguzwa mara kwa mara, mpaka mwaka 1989 vikaanza kazi kikamilifu vituo viwili tu, kimoja Wisconsin na kingine Michigan, nyaya zikiwa juu ya nguzo kama za umeme wa kawaida. Hata hivyo upinzani haukwisha. Wapo waliokata nguzo kwa msumeno wakafungwa jela.

Na baada ya vurugu yote hiyo, mtambo ulisema nini? Herufi tatu, zilizochukua kama dakika 15 kufika. Basi. Herufi tatu haziwezi kubeba hotuba. Kazi yake kubwa ilikuwa kama kengele ya mlangoni: panda karibu na uso wa maji, kuna ujumbe unakungoja. Mwaka 2004 vituo vyote viwili vikafungwa.

Usidhani haya ni mambo ya kwao tu. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha aina hii, cha masafa ya chini, huko Exmouth, magharibi mwa Australia, chenye minara 13, mrefu kuliko yote ukifikia mita 387. Kilijengwa kuzungumza na nyambizi zilizomo katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Desemba 1971 Umoja wa Mataifa ulitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, lakini minara haikunyamaza. Bahari ile ile inayotuletea samaki na majahazi inapitiwa na maneno tusiyoyasikia, yakienda kwa watu tusiowaona.

Watu hao nao wana makwao. Katika nyambizi za Uingereza zinazobeba makombora ya nyuklia, kila baharia hupokea ujumbe mfupi wa familia mara moja kwa wiki. Zamani ulikuwa maneno 40, baadaye ukaongezwa hadi 120. Mke anaandika mtoto kaota jino, paa linavuja, mama anakusalimu. Ujumbe unasomwa na kukaguliwa kwanza, na baharia hajibu hata neno. Habari ya msiba huzuiliwa. Mtu anaweza kufiwa na baba yake na asijue mpaka safari iishe. Hapo ndipo pananigusa kuliko penginepo. Mtu anayesoma barua ya furaha chini ya bahari hana njia ya kujua kama furaha hiyo ni kamili, au imekatwa katikati na mkono wa mkaguzi. Anasoma yaliyoandikwa, kisha analala akiyapekua yasiyoandikwa.

Ipo pia barua ya mwisho. Kila waziri mkuu wa Uingereza, akishika madaraka, huandika kwa mkono wake barua kwa makamanda wa nyambizi nne: serikali ikiwa imeangamizwa, mfanye nini? Barua hiyo hufungiwa ndani ya sefu. Waziri mkuu akiondoka, huharibiwa bila kufunguliwa. Na kamanda atajuaje kwamba wakati wa kuifungua umefika? Atasikiliza. Mwanahistoria Peter Hennessy ameeleza kwamba mojawapo ya ishara ni kama Redio 4 ya BBC bado iko hewani. Minara, mwamba wa Wisconsin, kilowati elfu moja, na mwishowe mtu mmoja ametega sikio, akijaribu kusoma kimya.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 1962 ndani ya B-59 mshindo ulikuwa karibu sana. Ulizuiwa na mtu mmoja aliyekubali kwamba kutosikia kitu si sawa na kujua.